Dele la Kina Ilona

Jumapili, 2 Novemba
Mwanangu Anas anataka kuoa! Injinia, sura kanichukua mimi. Msichana ni Ilona, wa Budapest, cheko lake kama wa kwetu. Babu yake Myahudi, alitoroshwa akiwa mtoto kutoka kimji cha Varnok. Vita vikawamaliza jamaa zake. Sasa Ilona na Anas wako hukohuko Varnok, wanatafuta asili yake.

Kaja wifi yangu Jawaher. Kamaliza kahawa yangu, kisha ananambia: mti mizizi, Nasriya, huo wenu umepandwa ndooni! Mumewe, kaka yangu Marhoon, ndiye wa kwenda kuposa, maana Baba Anas yuko mbele ya haki. Marhoon akikataa, hapana harusi. Na Marhoon humsikiliza nani? Jawaher!

Jumanne, 4 Novemba
Alhamdulillahi! Picha imeingia. Wameliona kaburi la baba wa babu yake, ndani ya miiba. Na juu ya jiwe kumechongwa nini? Dele! Dele la kahawa, na mkono wake, na mdomo wake! Watu wakarimu mpaka kaburini. Jawaher, umekwisha.

Jumatano, 5 Novemba
Nimekwenda duka la picha, mtaa wa Azaiba, kuikuza picha. Kubwa kama mlango. Mwenye duka kaniuliza mara mbili kama nna hakika. Nimeitundika sebuleni, juu ya meza ya kahawa. Inapendeza!

Ijumaa, 7 Novemba
Fedheha! Marhoon na mkewe wamekuja baada ya sala. Jawaher kasimama mlangoni, anauliza nani kafa. Nikamweleza habari ya dele. Mara Ilona huyo, kwenye simu ya video. Nikamwomba awahadithie biashara yao ya kahawa. Kacheka mpaka machozi, maskini. Anas akatafsiri: si dele, mama, ni birika la maji. Jamaa zake ni Walawi, ukoo wa Kiyahudi waliokuwa wakiwamiminia makuhani maji ya kunawa.

Jawaher akasema bora ile ndoo aliyoitaja yeye.

Lakini Marhoon hakucheka. Aliuliza mbona vidole vya binti vina plasta. Anas akasema tangu Jumatatu anang'oa miiba makaburini na kusugua mawe, mpaka majina yasomeke. Kaka yangu akainamisha kichwa. Akauliza kaburi la baba yetu, kule Unguja, tumelipalilia lini? Akamgeukia mkewe: mizizi hii hapa, mtu kaichimba kwa mikono yake. Nakwenda kuposa.

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka!

Jumamosi, 8 Novemba
Nimetubu, wallahi. Sijidai tena kwa nisilolijua. Marhoon anatafuta tiketi, na Ilona keshaniita Mama.

Asubuhi katuma picha nyingine, kaburi la mama wa babu yake. Kumechongwa taa, matawi matano, kila tawi na mshumaa wake, nzuri ajabu! Kumbe upande wa kike walikuwa watu wa umeme!

Picha iko Azaiba, inakuzwa. Jawaher nimeshampigia.