Kiti cha Pili cha Mama Domitille

Jumatatu, 14 Julai 2025

Habari kubwa! Guelord, kitinda mimba wa mama mukwe wangu, anapewa upadri Jumapili hii kule Lubumbashi. Padri katika ukoo! Na mama mukwe mwenyewe, Mama Domitille, amekubali kupanda ndege kwenda kumwona.

Haikuwa rahisi kumshawishi. Mara ya mwisho aliposafiri, jirani yake wa kiti aliguna safari nzima, akauliza kwa sauti kama mama huyu amelipa kwa kilo. Watu wakacheka. Mama yetu ana mwili mkubwa. Sisemi mnene, namheshimu. Aliposhuka alisema hatapanda tena ndege mpaka aitwe na Mungu. Sasa amemzalia Mungu padri, na Guelord amemlipia viti viwili: kimoja chake, na cha pembeni kikae tupu, apumue.

Kazi ya kuchukua tiketi nimepewa mimi, Delphin, fundi wa simu, mume wa binti yake Viviane. Mimi, si Basile! Basile ameoa dada mkubwa, na anayo picha amesimama na Askofu, imetundikwa sebuleni, kubwa kama mlango. Mgeni hapewi chai kabla hajaitazama.

Nimeshinda nikiwaza. Kiti kitupu. Kinakwenda Lubumbashi. Bila muntu!

Jumanne, 15 Julai

Asubuhi nilikuwa kwenye biro ya ndege hapa Kalemie. Mama Kapinga, anayeuza tiketi, aliuliza kiti cha pili akiandike jina gani. Kinywa changu kikajibu kabla yangu: Delphin. Akaniangalia. Akasema basi hicho si kiti cha kupumulia, hicho ni abiria. Nikamwambia ni abiria mdogo sana. Akauliza kama mama mwenyewe anajua. Nikasema Mama Domitille anajua mambo mengi. Hapo sikudanganya.

Mpango wangu ni safi. Mama anachukua kiti kimoja na nusu. Nusu inabaki. Nami ni muntu wa nusu. Tangu shuleni wananiita Ufito. Nani anaumia? Padri anampata mama yake, mama anapata wa kumsindikiza, mimi napata picha na Askofu. Basile anapata homa.

Mama nitamweleza tukiwa ndani kwamba nalinda kiti. Huku kwetu kiti kitupu hakifiki salama. Atakikalia afande, au mama mwenye mapacha, au gunia la dagaa. Afadhali mukwe.

Jumatano, 16 Julai

Leo mazoezi. Nimesogeza benchi ukutani, nikaweka gunia la mihogo badala ya Mama, nikajibana pembeni yake. Naenea! Nikivuta pumzi ndani, naenea vizuri kabisa. Mchana sikugusa bukari, ugali wetu. Viviane aliuliza kama naumwa. Nikasema nafunga kwa ajili ya mdogo wake Guelord. Aliguswa sana, akanisifu mbele ya majirani. Niliona haya kidogo. Ikapita.

Jioni nilikwenda kumsalimu Mama. Nilisimama mlangoni kama kawaida, maana kwetu mukwe haketi karibu na mama wa mke wake, wala hawachangii sahani. Alikuwa anashona maua kwenye kitambaa cheupe. Akanieleza: mikono ya Guelord ikishapakwa mafuta matakatifu, itafungwa kwa kitambaa hicho. Halafu padri mpya anampa mama yake, mama anakitunza, na siku ya kufa anazikwa nacho. Alisema amezaa watoto saba, lakini siku kama hiyo hajaiona bado. Macho yalimng'aa kama ya msichana.

Nilitaka kumwambia ukweli. Nikasifu maua.

Ijumaa, 18 Julai

Niko Lubumbashi. Peke yangu. Mkono hautaki kuandika.

Uwanjani walitupima, kila muntu na mzigo wake, maana ndege ni ndogo; mimi nilijipima mapema, kabla Mama hajafika. Mama alipanda mizani mbele ya watu wote, akamwambia kijana aandike vizuri, mwili huo umelea watoto saba na mmoja ni padri. Watu walicheka pamoja naye. Alikuwa na kitenge kipya na furaha tele. Basile alimbebea begi mpaka kwenye kizuizi. Mimi nilisema nampeleka mpaka mlango wa ndege, niko na karatasi zake. Hakuna aliyeshangaa.

Nikatangulia, nikakaa dirishani, nikavuta pumzi ndani. Mama akaja taratibu akishika viti. Aliponiona, alifikiri namwekea mkoba. Akasema aksanti mwanangu, sasa shuka, watafunga mlango. Nikamweleza habari ya kulinda kiti. Akakiangalia kiti, akaniangalia mimi. Na hapo tu, Mungu wangu, ndipo nikakumbuka jambo ambalo gunia la mihogo halikunikumbusha: huyu ni mama mukwe! Paja kwa paja kutoka Kalemie mpaka Lubumbashi! Muzee mmoja wa Moba, nyuma yetu, akasema Yesu Maria. Bibi mwingine akamfunika mjukuu wake macho.

Muhudumu akataka tiketi, akasoma jina langu kwa sauti ndege nzima isikie. Muhudumu akasema viti vingine vyote vina watu, na njia haiwezi kuzibwa, tukae au mmoja ashuke. Nyuma watu walishaanza kuguna, ile miguno Mama anayoijua.

Nilifungua kinywa niseme nashuka mimi. Naapa, nilikifungua. Lakini neno lilikawia. Nilimwona Askofu, nikaona picha, nikaona ukuta wa Basile. Neno lilipofika, Mama alishageuka. Alitoa kifuani kile kitambaa cha maua, akakiweka juu ya kiti, maana hawezi kunipa mkononi mbele za watu. Akasema: "Wewe uende, mwanangu. Mumoja wetu amuone." Akashuka ngazi moja moja, akishika chuma. Kupitia dirishani nilimwona amesimama juani, kitenge chake kikipigwa na upepo wa propela.

Kiti chake kikabaki tupu safari nzima. Hakuja afande, hawakuja mapacha. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amezaliwa na meno.

Jumapili, 20 Julai

Guelord alikuwa amemwekea mama yake viti viwili mbele kabisa, vimeunganishwa. Elsa, dada yao wa hapa Lubumbashi, ndiye aliyenikalisha hapo. Nikakaa kimoja. Kingine kikanitazama.

Mama aliwapigia simu kabla sijatunga uongo wangu. Amewaambia miguu imemkatalia njiani. Hakunitaja. Afadhali angenitaja! Guelord alisema sawa, mapenzi ya Mungu, lakini macho yalikuwa mekundu.

Katikati ya misa wakaita wazazi wa padri mpya. Baba mukwe ni marehemu. Nikasimama mimi, Ufito, na koti la kuazima, mahali pa mama. Guelord alinipa kile kitambaa nilichomletea, kinanukia mafuta, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli miguu. Nikasema ni kweli. Nimemdanganya padri mikono yake haijakauka! Nikalia kwa sauti. Watu wakasema tazama mukwe mwenye upendo.

Picha na Askofu nimepiga. Yeye anatabasamu. Mimi uso umevimba kama nimeumwa na nyuki.

Alhamisi, 24 Julai

Nimerudi Kalemie. Nimekwenda moja kwa moja kwa Mama. Nikaweka kitambaa kwenye kigoda, nikarudi mlangoni. Alikichukua, akakinusa. Akakinusa tena, muda mrefu. Akauliza kama Guelord aliimba. Nikasema aliimba. Akauliza kama sauti ilimtetemeka. Nikasema ilimtetemeka. Akauliza kama alikuwa anatafuta muntu kwa macho. Nikainamisha kichwa. Akasema basi, inatosha.

Nikapiga magoti hapo kizingitini, nikaomba msamaha, na safari hii neno halikukawia. Akasema amesamehe tangu siku ile ile, ila nisimwambie muntu, Viviane asije akapata haya. Kumbe ameshawaambia wote wa huku nyumbani kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenipa nafasi, kwa sababu nilifunga na kusali. Basile alikuja kunipa mkono, akaniita kaka. Heshima ya Basile nimeitafuta tangu nioe. Leo nimeipata, na imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Picha nimeificha uvunguni. Mbele ya Mungu nimeapa: nafasi ya mama yule sitaigusa tena maisha yangu yote. Siku ile haitarudi, na ni mimi niliyemnyima. Nimelia mpaka Viviane akaniletea uji.

Jumamosi, 2 Agosti

Furaha! Padri Guelord amefika nyumbani. Kesho anasoma misa yake ya kwanza hapa Kalemie, na amekuja kwa ajili ya Mama tu. Atampa baraka yeye wa kwanza, mbele ya parokia nzima. Mama amefua kile kitenge, anaimba toka asubuhi. Siku ile aliikosa, hii hataikosa. Nimemshukuru Mungu kwa machozi ya kweli.

Wakristo wamemwazimia foteyi, kiti cha sofa chenye mikono, nyekundu, pana ajabu, ya bwana mmoja wa bandarini. Wameiweka mbele kabisa ili Mama akae bila kubanwa na muntu. Nimetumwa mimi kuipangusa vumbi. Mimi, si Basile!

Nimeipangusa vizuri. Nimeikalia kidogo, kuijaribu. Ni pana mno hii foteyi. Kesho mpiga picha atasimama kushoto, nimeshamuuliza. Mama akisogea kidogo tu kulia, kwa faida yake mwenyewe, karibu na feni, upande huu kunabaki nafasi inayopotea bure. Na safari hii nimefikiria kila kitu, hata mila zetu. Nitaweka mto katikati.