Bomba Lililobeba Dhahabu

Paskalina anaapa kwamba jambo hilo lilionwa kwa macho, ingawa ukimbana kidogo anakubali kuwa macho yenyewe yalikuwa ya shemeji yake. Anasema kuna mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa anakwepa ukaguzi barabarani. Akamimina dhahabu ya unga ndani ya bomba la pazia, akaziba kwa nta, akalichanganya na mabomba mengine hamsini. Alipolifuata, mzigo wote ulikuwa umeshauzwa. Kwa hiyo bomba lipo, tena lipo humu humu Katoro, au limeshabeba pazia la mtu na mwenye nyumba hana habari.

Shemeji naye alihadithiwa mgahawani na kijana mmoja mtanashati, aliyekunywa soda mbili akashusha pumzi kama mfiwa. Kijana huyo aliitwa Donatus. Alikuwa ametoka Shinyanga mjini na mabomba ya pazia hamsini na moja, ya duka lililokuwa linafungwa: mepesi, rangi ya chai iliyomwagika, vichwa vyake kama vitunguu vilivyosahaulika jikoni. Wiki nzima hakuuza hata moja. Lakini katika kuzunguka kwake aliona jinsi watu wa Katoro wanavyoinama kila kinapong'aa kitu chini, hata kiwe kizibo cha bia, akaelewa kwamba kosa lake lilikuwa kuuza bomba. Hapa ilitakiwa kuuza kilichomo.

Hadithi ilipokomaa, akafunga mzigo nyuma ya pikipiki na kupita mtaani kwa Mama Noela.

Mama Noela, jina lake Philomena, alikuwa na nyumba mpya yenye madirisha matano yaliyo wazi. Jumamosi wangekuja wakwe kutoka Mhunze kuzungumza mahari ya Noela. Philomena aliwajua wageni wa namna hiyo. Wanasalimia vizuri, wanaketi, halafu kwa kila dirisha lililo uchi wanapunguza ng'ombe mmoja kimoyomoyo. Alikuwa ameshachagua mabomba dukani kwa Rhoda: meusi, mazito, vichwa vya mviringo, marefu kupita dirisha shubiri moja kila upande, ili pazia likifunguliwa lisile mwanga. Pesa yake alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga.

Donatus alimwamkia kwa adabu zote, akamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kama mtoto wa kijijini kwao. Kuhusu dhahabu hakugusia. Alifanya jambo baya zaidi.

"Mayu, mimi nakuuzia bomba kama bomba. Watu wanasema maneno yao, siyajui. Ninachokuomba, usije ukayakata."

Philomena, ambaye maneno hayo alikuwa ameshayasikia, akanunua kumi. Pindo la kanga likabaki jepesi.

Hata maharage hayajachemka, Philomena alikuwa na msumeno wa chuma mkononi. La kwanza lilitoa kutu. Akalipasua kwa urefu, likatoa buibui, naye alitoka amekasirika. Hapo Philomena akauweka msumeno chini, akaketi kizingitini.

Akienda kulalamika, atajibiwa kwamba aliuziwa mabomba na mabomba anayo. Yale mepesi akiyatundika, yatapinda mbele ya wakwe. Mtu mwingine angelia. Philomena alikuwa ameosha marudio miaka kumi na mmoja, yaani mchanga ambao wenzake wameshauosha na kuutupa, na kazi ile ilimfundisha kutotupa kitu kabla hajakitazama mara ya pili. Akaitazama hasara yake mara ya pili.

Machimboni, mwenye shimo lililokauka akitaka kuliuza, hupachika punje chache kwenye mwamba, kisha humwacha mnunuzi azione mwenyewe. Hasemi kitu. Akisema tu, ameharibu. Hilo kila mchimbaji analijua. Donatus alijua mengi, lakini mengi hayo alijifunzia mjini.

Alhamisi Philomena akampigia simu, akamuuliza kwa upole kama amebakiwa na mabomba, maana anayataka yote.

Donatus alifika upesi kuliko pikipiki yake. Mezani palikuwa na kipande cha bomba, na Philomena akakifunika kwa kanga, polepole kidogo kuliko ilivyofaa.

"Mama, umelikata?"

"Lilikuwa refu."

"Si dirisha lenyewe ndilo refu?"

"Basi, dirisha lilikuwa fupi. Unaniuzia, huniuzii?"

Donatus akainua kanga. Ndani ya bomba kulikuwa na nta, na kwenye nta punje tatu za dhahabu halisi, akiba ya Philomena ya tangu enzi za marudio. Donatus akazitazama. Hadithi ile aliitunga mwenyewe, kati ya soda ya kwanza na ya pili. Lakini sasa uongo wake ulikuwa umemrudia umevaa vizuri, umechana nywele, wala hakuutambua. Akaanza kukumbuka kwamba kweli kuna mtu aliwahi kumwambia.

Akasema mabomba yale yana kasoro, atayachukua na kumrudishia pesa yake. Philomena akakataa. Akaongeza bei, Philomena akasema wakwe wanakuja Jumamosi. Alipofika mara tatu ya alichopokea, mama wa watu akakubali kwa shingo upande, akampa tisa mazima na kile kipande. Punje alikuwa ameshazifunga kwenye kanga.

"Na hizo?" Donatus akauliza.

"Hizi zilikuwa za bomba langu. Wewe umenunua ya kwako."

Siku ile ile Donatus alizunguka mtaa mzima kununua tena alichokuwa ameuza. Paskalina alimtoza mara nne, huku akiapa kwamba lake lilikuwa linatoa mlio.

Jumamosi wakwe waliketi chini ya mabomba meusi. Mzee Ngassa, msemaji wao, alilipapasa moja kwa kidole, akatazama vichwa vyake vya mviringo, akakohoa, na akaanza kwa ng'ombe kumi na wawili. Noela, aliyekuwa anasikiliza jikoni, akaacha kuosha vikombe.

Ndipo kivuli kilipotokea dirishani. Alikuwa Donatus, shati limejaa kutu, msumeno mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo mama," akanong'ona. "Nimekata arobaini na tisa. Limebaki moja. Naomba uniambie tu, lile lako ulianza kulikata upande gani?"

Nyuma yake Philomena alimsikia Mzee Ngassa akisema kumi na watatu. Akavuta pazia.