Simu Ipokelewe na Binadamu

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye! Rasimu ya kanuni za malipo kwa njia ya simu imetoka, na sisi wadau tumeombwa maoni. Kazi yangu kwenye kampuni ndiyo hiyo: kuibembeleza serikali ituwekee sheria laini. Bosi amesema safari hii nikifanikiwa, nitakuwa mkuu wa idara. Nikiharibu, nitafute pa kwenda.

Nimeshapata wazo. Yule mshindani wangu, ninayemwita Tai Nyekundu kwa ile tai yake ya shingoni, kampuni yake hupokea simu za wateja kwa mashine. Bonyeza moja, bonyeza mbili, mpaka mteja anachoka mwenyewe. Basi nimependekeza kifungu: simu ya mteja ipokelewe na binadamu, la sivyo leseni ifutwe. Sisi tuna yule dada wa sauti tamu anayepokea simu. Tai Nyekundu kwisha habari yake!

Alhamisi, 6 Machi

Siamini. Yule ofisa wa Mamlaka inayotunga kanuni, tunayemwita Bwana Koma, ambaye hajawahi kuiacha barua yangu bila kuichorachora na kuiongezea koma, amekipokea kifungu kama kilivyo. Kasema afadhali kuna kampuni moja inayomfikiria mwananchi. Nilitaka kulia. Pale kikaoni Tai Nyekundu alikunja uso kama kauma ndimu. Nikampungia mkono.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Bosi kaniita, kafunga mlango, kaniuliza kama nina akili timamu. Nikamkumbusha kwa unyenyekevu kwamba tuna dada wa simu. Akasema yule dada aliacha kazi zamani, tulibaki na sauti yake kwenye kompyuta.

Haiwezekani! Mwezi uliopita nimeongea naye. Nilimweleza matatizo yangu yote ya nyumbani, akanishukuru kwa uvumilivu wangu. Nilidhani nimepata mtu wa kunielewa.

Wiki ijayo Bwana Koma anapiga simu kwa kila kampuni kukijaribu kifungu, bila kutaja siku. Bosi hataki kusikia habari ya kuajiri. Kasema nitajua mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata! Mama mkwe. Yuko kwetu tangu apasuliwe goti, na mtu akikosea namba humshikilia mpaka wajuane ukoo mzima. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamweleza shida yangu. Akauliza kama kiti kina mto. Akaongeza kwamba siku zote alijua kazi yangu ni ya kukaa tu. Nikasema ndiyo, Mama.

Jumatano, 12 Machi

Bwana Koma kapiga. Nilisimama nyuma ya kiti. Mama mkwe akampokea kwa kumwita “mwanangu”. Akamuuliza mbona sauti imekauka hivyo, amekula kweli? Kisha, bila kuulizwa na mtu, akamwambia kwamba yeye mwenyewe alikosea namba akituma pesa kwa huduma yetu, hajarudishiwa mpaka leo, na mkwewe kila siku anamwambia asubiri. Nikamfanyia ishara anyamaze. Akanifukuza kwa mkono kama nzi.

Nikajua tumekwisha. Kumbe tumepita! Bwana Koma kasema hakuna kampuni iliyowahi kumsikiliza namna ile. Bosi kanipigapiga bega. Ukuu wa idara unanukia.

Ijumaa, 14 Machi

Mwizi! Tai Nyekundu kamchukua mama mkwe. Mshahara mnono, gari la kumfuata asubuhi, na mto wa kukalia juu. Nikamlalamikia mke wangu. Kanijibu kwamba afadhali mtu mmoja humu ndani apande cheo. Nimelala bila kula, na hakuna aliyeniuliza.

Jumatatu, 17 Machi

Simu napokea mimi, leo ndiyo siku yangu ya kwanza. Bosi kasema hii ndiyo idara, na mkuu wake ndiye mimi, kwa hiyo nisilalamike. Tangu asubuhi natukanwa na watu nisiowajua. Mmoja kanisikiliza kidogo, kaomba arudishiwe mashine. Mwingine alikuwa mama mkwe. Kasema alitaka tu kusikia mwenzake wa kazi anaendeleaje, na kwamba nijitahidi kuchangamka.

Lakini sikukaa bure. Katikati ya matusi nimemwandikia Bwana Koma kifungu kingine: anayepokea simu za wateja awe na uzoefu wa miaka isiyopungua mitano, la sivyo leseni ifutwe. Mama mkwe hajamaliza hata mwezi kwenye kazi hii. Safari hii Tai Nyekundu hachomoki!

Bwana Koma kajibu hapo hapo. Anakipitisha kama kilivyo.