Mashine ya Kijani na Mstari wa Njano

Jumatatu, 3 Machi

Nimeiona. Kijani, ndefu kuliko kitanda changu, imekaa kwenye karakana iliyofungwa nyuma ya soko la mbao. Mashine ya kukereza vyuma! Nimesimama mbele yake kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa. Muuzaji akaniuliza kama mimi ni fundi. Nikajibu kwamba damu ni ya fundi. Sikumwambia kwamba miaka thelathini nimekuwa karani wa masjala, na chuma pekee nilichowahi kukishughulikia ni pini za faili.

Lakini baba alikuwa mkereza vyuma. Nilipokuwa mdogo nilimpelekea chakula cha mchana karakanani. Sakafuni kulikuwa na mstari wa njano, watoto mwisho hapo. Nilisimama vidole vikigusa rangi. Mashine zote kimya, mafundi wengine wamekwenda kula, baba peke yake bado kazini, anaifuta mashine kwa kitambaa, kila kona. Mchapakazi! Sijawahi kuuvuka ule mstari. Nina miaka hamsini na tisa na bado nautamani upande wa pili.

Dada anahama Jumapili. Anakwenda kuishi kwa binti yake, mbali, ndege mbili, na kwa umri wake sidhani kama atarudi. Zamani baba alimletea pia ya shaba, kile kichezeo cha kuzungusha sakafuni. Nikaipoteza mimi. Nikaahidi kumtengenezea nyingine. Nilikuwa na miaka saba. Sasa nina siku tano.

Jumanne, 4 Machi

Habari zimemfikia Fundi Milimita, jirani yangu, mkereza vyuma wa mtaa. Huyu hata akikusalimia ni kama anakupima. Amesema kutengeneza pia ni kazi ya dakika kumi, nimpelekee shaba tu. Nikamwambia siyo suala la pia. Akauliza ni suala la nini. Nikakohoa.

Akaomba basi twende wote kuikagua mashine, maana mashine kuukuu ikipakwa rangi mpya kuna jambo. Nikamjibu kwamba nimeshasoma juu ya ukaguzi. Ni kweli, nusu ukurasa. Unapitisha kidole kwenye zile reli mbili ambazo kisu hutembea juu yake. Ukihisi mabonde, kimbia.

Nimekwenda peke yangu. Upande wa kichwa, pale mashine inapobana chuma, muuzaji alikuwa ameegemea. Sikutaka kumsumbua mtu. Nikapitisha kidole mwisho wa pili. Laini kama shavu la mtoto mchanga! Nikaomba kuiona ikizunguka. Akasema umeme wa karakana umekatwa. Nikamwonea huruma.

Tumebadilishana, pikipiki yangu kwa mashine yake. Amekubali haraka mno, maskini, hajui alichokuwa nacho. Nimerudi kwa miguu.

Alhamisi, 6 Machi

Imefika. Wanaume wanane, magogo chini yake, na matusi mapya kabisa kwangu. Nilikuwa nimepima mashine kwa hatua na mlango kwa shubiri, hesabu hazikusalimiana. Mlango umeng'olewa, fremu na yote. Sasa mashine iko sebuleni, imelibana kabati la vyombo. Mke wangu ameuliza sahani zitatokaje. Ameuliza kwa upole. Upole wake ndio unaonitisha.

Mchana akaja fundi umeme. Akaitazama mota, akaitazama soketi, akanitazama mimi. Akasema hii inataka umeme wa njia tatu, wa viwandani. Nyumba yangu ina njia moja. Nikauliza kama njia mbili zilizobaki zinaweza kuazimwa kwa jirani. Akafunga begi lake.

Nimebaki nayo. Nikachukua kitambaa, nikaifuta polepole, kila kona, kama nilivyomwona baba akifanya. Nikamkumbuka.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya! Nimetoa mota na kufunga pedali ya baiskeli kwenye gurudumu la mkanda. Mke wangu anazungusha, mimi nakereza. Amekubali kwa sharti kwamba kwanza nizitoe sahani. Nimezitoa moja moja kwa upenyo wa kiganja. Tatu zimevunjika.

Fundi Milimita akaja na kikombe chake cha chai, akasimama pale palipokuwa na mlango. Akapitisha kidole kwenye reli, upande wa kichwa. Kisha akasema pamelika kama sabuni ya kufulia. Akaeleza kwamba wakerezaji wote hufanyia kazi upande huu, mwisho wa pili haendi mtu, kwa hiyo kule hubaki kupya siku zote. Akauliza mimi niligusa wapi. Nikamwambia tuko kazini.

Pia ya shaba imepatikana saa kumi. Nene ilipotakiwa kuwa nyembamba. Nilipoigeuza ili nikereze ncha, niliibana upande, kwa hiyo ncha inatazama kwa jirani. Lakini ni shaba, inang'aa, na nimeitengeneza mimi. Mke wangu hawezi kuinua mkono.

Jumamosi, 8 Machi

Dada amekuja kuaga. Nikampa. Akaizungusha sakafuni, mizunguko mitatu, ikaanguka na kubiringika chini ya mashine. Nikatamani ardhi inimeze. Yeye akacheka hadi akajifuta machozi.

Nikasema baba angeona haya, mkereza kama yule. Dada akaacha kucheka. Akaniuliza kama kweli sijui.

Baba hakuwa mkereza. Alikuwa mfagiaji wa karakana. Mafundi wakienda kula ndipo aliporuhusiwa kufuta mashine. Hakuiwasha hata siku moja. Ile pia aliitengeneza fundi mmoja, baada ya baba kumbembeleza msimu mzima wa mvua na kumfagilia hadi nyumbani kwake. Baba hakusema uongo, alileta tu pia, akanyamaza. Ufundi tulimvika sisi.

Dada akainama, akaitoa pia uvunguni mwa mashine, akaifunga kwenye leso na kuitia mkobani. Akasema hii angalau ni kazi ya mtu wa kwetu.

Jumapili, 9 Machi

Nimemsindikiza dada uwanja wa ndege, hadi mwisho wanaporuhusu. Hakugeuka nyuma, na nilitaka ageuke.

Nimerudi nikamkuta Fundi Milimita ananisubiri mlangoni, yaani palipokuwa na mlango. Amesema ana mashine nzima, ana umeme wa njia tatu, na asubuhi huwa hana kazi. Niende kwake, atanifundisha bure, taratibu, hadi mkono ukae sawa. Nikamshukuru. Nikamwambia mwenye mashine yake haendi kwa watu.

Kisha muuzaji akapiga simu. Ana nyingine! Ya bluu, kubwa zaidi, rangi bado mbichi. Atabadilisha kwa hii ya kijani pamoja na kabati la vyombo. Baba hakuwasha hata moja, mimi nisimame kwenye moja? Kesho naenda kuikagua. Nusu ukurasa naukumbuka wote.

Kwa maandalizi nimepaka mstari wa njano sebuleni, kuizunguka mashine yote, ili kila mtu ajue mwisho wake. Nimepaka kwa uangalifu, nikirudi kinyumenyume. Rangi itakauka kesho. Niko upande wa nje.