Kamba ya Gari la Babu

Jamani, leo nimejiaibisha mpaka ng'ombe wameacha kula wakanitazama. Hapa ninapoandika bado nina samadi kwenye viatu. Acha niwasimulie kabla shangazi Robi hajaniwahi.

Babu yangu wa huku Kemambo ana pikapu kuukuu, hata rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka. Zamani alikuwa anapeleka mboga kwenye hoteli za watalii kule Ikoma, bibi amekaa pembeni yake, madirisha wazi. Siku hizi bibi hayupo, na macho ya babu yameingia ukungu. Haendeshi tena. (Yaani, hatakiwi kuendesha.) Mwezi uliopita aliingia na gari kwenye banda la mbuzi, akasema banda ndilo lililosogea. Mbuzi walipona. Sisi ndio tulikosa usingizi, tukiwaza kwamba siku nyingine atakuwa mtoto wa mtu.

Ukoo ukaamua gari liuzwe, ila babu akubali mwenyewe, asinyang'anywe. Nani akamwambie? Bhoke! (Bhoke ni mimi. Babu ananiita mke wangu, utani wa babu na mjukuu, basi kila jambo gumu la babu wananisukumia "mkewe".)

Juzi jioni nikamkuta ndani ya gari, injini imezimwa, mikono kwenye usukani. Ndiyo kawaida yake. Anasafiri kwa mawazo, njia ile ile ya Ikoma. Nikaingia kiti cha pembeni.

"Tumefika wapi, babu?"

"Tumeshapita Mugumu. Funga dirisha, vumbi hiyo."

Nikafunga. Na kweli tena, lile vumbi nililiona! Nikaona na nyumbu wanavuka taratibu mbele yetu, na babu akapunguza mwendo kuwasubiri. Nilikaa pale mpaka nikasahau kilichonileta.

Mwishowe nikajikaza nikamwambia. Akaondoa mikono kwenye usukani.

"Ng'ombe nimeuza wengi," akasema. "Lakini kamba inabaki."

Huku kwetu ndivyo ilivyo. Ng'ombe akiuzwa anaondoka, kamba yake inabaki nyumbani ili baraka isitoke zizini. Mnunuzi anakuja na kamba yake.

"Sasa gari ina kamba gani, mke wangu?"

Mimi na ujuaji wangu nikajibu haraka, "Usukani, babu! Si ndiyo unaiongozea?"

Akatabasamu. "Basi huyo mnunuzi aje." Nikaupigia simu ukoo mzima kujisifu.

Leo asubuhi mnunuzi kaja. Anaitwa Marwa, katoka Kisaka, kaka mpole, shati limenyooshwa vizuri. (Sisemi zaidi.) Babu akaingia ndani kutafuta koti, maana hauzi mali yake bila koti. Marwa akauliza kama anaweza kulijaribu gari.

"Wewe kaa tu," nikamwambia. "Nitakuzungusha mimi." (Leseni yangu bado inanukia upya.)

Tukaondoka polepole kuzunguka boma. Ukungu ulikuwa haujaisha, moshi wa jikoni umelala juu ya migomba, injini inanguruma kwa upole. Mawazo yakanichukua. Nikajiona niko njia ya Ikoma, madirisha wazi, mboga nyuma, bibi anaimba kwa sauti yake ile ya chini. Usukani ulikuwa unacheza mkononi, nikadhani ni uzee. Hata nikamtabasamia Marwa. Tukafika kwenye kona ya zizi, nikauvuta usukani.

Ukaja. Wote!

Mwenye akili angekanyaga breki. Mimi nikaendelea kukata kona. Usukani nimeupakata, nazungusha kulia, nazungusha tena, gari linakwenda zake kushoto.

"Dada, breki!"

"Nakata kona!"

"Unakata nini? Breki!"

Tukapanda matuta ya viazi ya shangazi Robi, moja baada ya jingine, kisha gari likajilaza kwenye rundo la samadi taratibu kabisa, kama mtu anayeweka kichwa kwenye mto. Kimya. Mlango wa upande wangu ukafunguka wenyewe, nikashukia humo humo.

"Bhoke!" Shangazi Robi huyo, na jembe lake. "Ndiyo leseni hiyo?"

Babu akatoka, koti limefungwa vifungo vyote. Akasogea karibu mpaka aone vizuri. Akaangalia gari, akaniangalia mimi na usukani wangu.

"Mke wangu, umeshaivua kamba kabla hatujaagana na ng'ombe?"

Akatoa nati mfukoni. Aliifungua jana jioni na spana yake, akauacha usukani umekaa tu. "Si ulisema inabaki? Nilijua mwenzangu atakuja na ya kwake."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Aibu kando, roho iliniuma kweli. Kichwani nikaona Marwa ameghairi, babu anarudi barabarani na macho yake yale. Marwa alikuwa anapangusa shati. Hakucheka hata kidogo.

"Kosa ni langu, mzee," akasema. "Nimekuja kununua ng'ombe mikono mitupu. Kamba ni ya kwako."

Babu akainama garini, akachomoa ufunguo. Akampa Marwa.

"Mura," akamwita, kama tunavyomwita kijana huku kwetu, "mchunge vizuri."

Akaliwekea gari mkono kwenye boneti, akaliambia maneno mawili matatu ya Kikurya ambayo siyaandiki hapa. Mimi nikajifanya najipangusa samadi usoni.

Sasa Marwa amekwenda Tarime mjini kutafuta usukani, ufunguo uko mfukoni mwake. Babu amekaa uani, usukani, ile kamba yake, mapajani. Amevuta kiti cha pili, kile cha bibi, akakipigapiga.

"Panda, tumechelewa."

Nimepanda. Mugumu tumeshapita. Atakayecheka tunamshusha hapa hapa, na vumbi lote hili ni lake.