Kuhusu Mimi Kukutwa Ndani ya Gari Linalovutwa

Bowie, Maryland
Oktoba 1999

Ndugu Mhariri Godlisten,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ngumu ya kuandika mambo ambayo hukuyaona. Mimi ni Mwalimu Dorsila Akeyo, mwalimu mstaafu wa darasa la sita, mama yake Awino, yule muuguzi anayeimba sauti ya pili katika kwaya yenu hapo Temple Hills. Nimekuja Marekani kulea mjukuu, kwa sababu Awino alijifungua kwa upasuaji na hapa hana mama mdogo wala shangazi wa kumsaidia. Sikuja kutafuta umaarufu.

Katika toleo lililopita la jarida la ushirika wenu, chini kidogo ya tangazo la nyama choma, uliandika kwamba "bibi mmoja kutoka Kenya" alisimamishwa na polisi huko Virginia "akiendesha gari lililozimwa". Jumapili iliyofuata uliniamkia shikamoo kwa adabu zote za Kitanzania, nami nikaitikia marahaba, huku nikiona mashavu yako yanavyohangaika kuzuia kicheko. Sina kinyongo. Naomba tu uichapishe barua hii yote bila kuikata. Malalamiko nimeyawekea namba, kwa maana nimefundisha muda mrefu na najua watu wazima hawasomi mpaka wawekewe namba.

1. Nyumba yangu. Kwetu Wajaluo, mama mkwe halali katika nyumba ya mume wa binti yake. Haogi humo, na choo cha humo hakijui. Mkwe wangu Tobias analijua hilo, amelelewa. Ndiyo maana kabla sijafika alinunua motohomu kuukuu, yaani basi lenye kitanda, jiko, meza na choo chake, akaiegesha mbele ya nyumba. Nilipotua nikaonyeshwa: Mama, nyumba yako hii hapa. Nikalala humo kwa amani. Asubuhi Awino ananiletea mtoto mlangoni, namwogesha, namkanda, namwimbia, jioni namrudisha kwa mamake. Sijaona mkwe mwenye adabu ya namna hiyo, nasema wazi. Kosa ni la kamati ya majirani, iliyoleta notisi kwamba motohomu hazitakiwi hapa, zinaharibu sura ya mtaa. Nimewaona majirani hao. Mbwa wanalala nao kitandani, halafu bibi wa watu anayelala nje kwa heshima ndiye anayeharibu sura.

2. Safari. Tobias akahangaika, akapata kambi ya magari huko Virginia, mbele kabisa ya mji wa Herndon, milimani, mahali ambapo Wamarekani wanalipa ili wakae porini kwa hiari yao. Mpango ukawa motohomu ikakae huko, mimi niishi ndani yake, nao wawe wanakuja kuniona Jumamosi. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza kunijua. Akisikia sauti yangu anageuza kichwa. Hata hivyo nilisema asante, kwa sababu ndivyo mtu mzima anavyosema akipewa kitu asichokitaka.

Ili Tobias apate usafiri wa kurudi nyumbani, rafiki yake Phineas, ambaye ni fundi, alifunga chuma chenye umbo la herufi A mbele ya kigari cha Awino, akakiunga nyuma ya motohomu, minyororo huku na huku, na waya wa taa. Kigari kinavutwa magurudumu yote manne yakiwa chini. Gia inaachwa huru, ufunguo unaachwa mahali pake ili usukani usijifunge, na kila kona usukani unajizungusha wenyewe. Phineas alinieleza yote hayo kwa ufasaha. Alichosahau kunieleza ni kwamba mtu haruhusiwi kukaa ndani. Kama ni sheria, na iandikwe mlangoni, tena kwa Kiswahili.

3. Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo ulipoupotosha umma. Motohomu ni nyumba yangu. Kitanda changu kimo, na kanga zangu zimetundikwa humo. Nyumba hiyo ikienda, lazima kuna anayeiendesha, na anayeiendesha ni mkwe wangu. Kwa hiyo mkwe wangu anaingia chumbani kwa mama mkwe wake, anaketi, anajifunga mshipi, na hatoki mpaka Virginia. Awino amebaki na mtoto kwa amri ya daktari, kwa hiyo tuko wawili. Kati yetu kuna pazia. Na choo kiko karibu na kisogo cha dereva, mlango wake mwembamba kama karatasi. Haya, wewe mwenye elimu ya kuhariri, nieleze ningefanyaje.

Nilifanya lililo sawa. Tobias aliporudi ndani kumuaga mkewe, nilivuta pazia la kitanda likafungika, nikashuka taratibu na kikapu changu, nikaingia katika kigari. Viti vingine vilikuwa vimejaa mizigo yangu na gunia la mchele, kikabaki cha dereva. Nikaketi, nikafunga mshipi, nikaomba kimoyomoyo.

Tobias akadhani niko nyuma ya pazia nimejipumzisha, na kwa heshima hakulifungua. Baadaye alikiri kwamba njia nzima alikuwa akinisimulia: Mama, huu hapa ndio mto Potomac, Mama, kule ndiko Dulles, ulikotua siku ile. Hakujibiwa na hakuona ajabu, kwa kuwa mama mkwe hapigi domo na mkwe. Yeye anaongea na kitanda kitupu, mimi niko nyuma kwa minyororo, kila mtu na heshima yake. Sijawahi kusafiri na mkwe kwa utulivu kama huo.

4. Breki. Umeandika kwamba nilikuwa "naendesha". Nilikuwa navutwa. Ni kweli nilishika usukani, kwa sababu ulikuwa unajizungusha ovyo na mimi sikulelewa kuangalia kitu kinazunguka ovyo bila kukishika. Ni kweli pia nilikanyaga breki. Tobias anakimbiza gari kuliko inavyompasa mtu mwenye mtoto mchanga, na kila alipozidisha nilimsaidia kupunguza, kwa miguu yote miwili, maana breki ya gari lililozimwa ni ngumu kama moyo wa Farao. Wenye magari waliokuwa wakitupita walipiga honi, wakanipungia mikono, wakaonyesha vidole chini kwenye magurudumu. Nami nikawapungia. Nikasema moyoni, kumbe Wamarekani nao wanaheshimu wazee. Moshi niliuona, nikadhani ni ukungu wa milimani.

5. Askari. Huyu sina neno naye, alikuwa mtu wa watu. Alimsimamisha Tobias akamuuliza yuko na nani. Tobias akajibu yuko na mama, amelala nyuma. Pazia likafunguliwa, mama hayupo. Usicheke, Ndugu Mhariri. Mkwe wangu aliruka nje akaanza kukimbia kando ya barabara kurudi tulikotoka, magari yanapita, yeye anaita Mama, Mama, akidhani nimedondoka njiani. Aliponiona nimeshika usukani wa kigari, aliegemea boneti akalia. Mtu mzima, na tai yake shingoni. Nilishusha kioo kidogo. Nikamuuliza kama amekula.

Sasa lalamiko lenyewe. Askari alimuuliza mimi ni nani wake, na Tobias akasema, mama yangu. Hakusema mama mkwe. Aliidanganya serikali mchana kweupe. Mama yake Tobias alizikwa Ugenya na mimi nilikuwepo, niliteka maji ya msiba kwa mikono hii. Ilinibidi nimsahihishe mbele ya askari, kwa Kiingereza kile kile nilichofundishia, kwamba mimi ni mkwe, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo siwezi kupanda gari lake. Askari alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye pia ana mama mkwe, na angefurahi sana kama sheria ingemruhusu kumsafirisha vile, ila hairuhusu. Tobias akapigwa faini, mimi nikahamishiwa nyuma ya pazia kwa nguvu za dola.

6. Kama sikosei hii ni ya sita. Chombo hicho hakirudi nyuma. Motohomu inayovuta gari kwa chuma kile haiwezi kupiga rivasi hata kidogo. Ukilazimisha, kigari kinajikunja na chuma kinapinda. Tobias, akili zikiwa bado ziko kule kando ya barabara, alikosa njia akatuingiza katika uwanja wa kanisa dogo la mashambani, hakuna pa kutokea. Ikabidi tufungue. Kufungua kunataka watu wawili, na watu wawili walikuwa sisi. Mimi nikashika minyororo, yeye akang'oa pini, grisi mpaka viwikoni, kisha tukakisukuma kigari bega kwa bega. Kwetu hata mkono hatupeani, Ndugu Mhariri.

Tulipomaliza nilikuwa nimebanwa, nimebanwa kweli. Nikaingia choo cha motohomu. Tobias akaondoka bila kuambiwa, akaenda kusimama mbali kule makaburini, amenipa mgongo, akaimba wimbo wa dini kwa sauti kubwa, beti zote, akarudia na kiitikio, ili nisiwe na wasiwasi. Nimezaa watoto watano na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifanyia hivyo. Jambo hilo limenisumbua tangu siku ile. Sikujua nililalamikie wapi, nikaona niliweke hapa.

Kambini hatukufika. Breki za kigari zilikuwa zimeungua, Phineas akaja kukichukua, na bila shaka ndiye aliyekuletea habari, kwa kuwa mdomo wake nao hauna breki. Sisi tukarudi Bowie na motohomu yetu, mimi nyuma ya pazia. Safari hii Tobias hakunisimulia chochote mpaka nilipokohoa. Ndipo akasema, Mama, huu ndio Potomac tena.

Kwa sababu hizo zote naomba yafuatayo. Kwanza, usahihishe: sikuendesha, nilivutwa. Pili, ushirika uandikie Maryland na Virginia, na Washington kwa kuwa iko katikati, mama mkwe aruhusiwe kupanda gari linalovutwa akiwa na barua ya mchungaji wake. Tatu, wanaotengeneza motohomu waambiwe waweke ukuta badala ya pazia, milango miwili na vyoo viwili, na dereva awe anaingilia kwake kwa nje. Nne, kamati ya majirani ielimishwe kwamba ile si gari, ni nyumba ya mama mkwe. Wakikataa, kila mmoja wao kwanza ampeleke mama mkwe wake akakae milimani, ndipo na mimi nitafuata. Tano, yote hayo yakishindikana, ile barabara ya kuzunguka jiji itengewe njia ya wakwe. Tayari wana njia ya magari yenye abiria wengi. Hawawezi kushindwa kuongeza moja.

Najua utaniambia niingie tu ndani, nilale chumba cha juu kilicho kitupu, kama anavyoniambia Awino kila siku huku akifuta machozi. Jibu langu ni hapana. Mwacha mila ni mtumwa. Notisi ya majirani inaisha mwisho wa mwezi huu. Motohomu ikiondoka na mimi nitaondoka, nitapanda ndege kabla ya ubatizo wa mtoto, na mjukuu wangu atanijua kwa picha. Itaniuma sana, sitakuficha. Lakini chini ya paa la mkwe wangu sitalala, na hilo liandike kwa wino mweusi.

Nisalimie mkeo Anna, mchungaji, na wanakwaya wote, hasa sauti ya pili wanaokosa mwenzao. Phineas mwambie nimemsamehe nusu. Wote wanaocheka nawasalimu pia, nawatakia wakwe wema.

Nabaki mimi, kwa heshima na kwa umbali unaostahili,

Mwl. Dorsila Akeyo

Tanbihi: Barua hii imekaa juu ya friji ya Awino kwa kukosa stempu, na katikati hapo mtoto alishikwa na homa. Ukikosa nafasi ya vyote viwili, iache barua, chapisha tangazo hili:

INAUZWA motohomu kuukuu, safi, yenye kitanda, jiko, choo na pazia, pamoja na chuma chake cha kuvutia gari. Bei ni maelewano. Sababu ya kuuza: mwenyewe amehamia chumba cha juu, kando ya mtoto. Homa imeshuka. Wanaotaka kuiona waje mlango wa mbele, wabishe hodi polepole, kwa maana Awino na Tobias hawajalala siku nyingi na nimewaambia walale. Nitafungua mimi.