Kijani cha Utulivu

Rola ya rangi ilikuwa katikati ya ukuta wa tatu pale Mkurugenzi wa Malalamiko alipoutangazia ukumbi kwamba, kuanzia siku hiyo, hasira za wananchi zimefutwa rasmi.

"Rangi za joto, kama nyekundu, huchemsha damu," aliieleza foleni. "Kijani hupoza. Tena hiki ni cha kung'aa. Mwanga ukikigonga hurudi na rangi yake, kwa hiyo utulivu utamfuata mwananchi mpaka usoni."

"Na dirisha la huduma linafunguliwa lini?" aliuliza mama mmoja.

"Utazame ukuta, mama."

"Bosi, na dari nalo kijani?" aliuliza fundi rangi.

"Nalo. Malalamiko hupanda juu."

Mkurugenzi alikuwa na haraka yake. Umri wa kustaafu ulikuwa umeshampita, na Waziri alikuwa njiani kuja kujionea kama afya yake inaruhusu aongezewe muda. Alikuwa amepaka nywele piko. Alikuwa amevaa suti nyeupe pe, nguo ya mtu asiye na la kuficha.

Waziri alifika, akasimama mlangoni, juani. Akamtazama. Akavua miwani, akamtazama tena.

"Mzee wangu, umeanza lini kuumwa?"

"Mimi? Niko fiti, Mheshimiwa!" Akarukaruka kidogo kumthibitishia, akirudi nyuma kuelekea ukutani. Kila hatua ikamzidishia rangi. Suti ikawa kijani, shingo ikawa kijani, na meno yake, alipotabasamu, yakawa kama ya mtu aliyetafuna majani.

"Nyongo hiyo," Waziri alinong'ona.

"Amekuwa akijikaza tu, maskini," alijibu Naibu Mkurugenzi kwa huzuni kubwa. "Tunamwombea."

"Akapumzike. Wewe kaimu."

Mkurugenzi akatolewa ameshikwa kwapa huku na huku. Nje, kwenye jua, rangi yake ilimrudia yote, lakini gari la Waziri lilikuwa limeshakata kona.

Ndani, foleni nzima ilikuwa hoi kwa kicheko. "Kweli kinapoza," alisema yule mama, akifuta machozi. "Hasira zangu sizioni."

"Na ukuta huu uliobaki, bosi?" fundi alimuuliza Kaimu, ambaye tayari alikuwa amehamia mlangoni, juani.

"Kesho. Krimu."

"Na dirisha?" aliuliza mama.

"Nalo kesho."

Mama akamtazama juu mpaka chini, kisha akamgeukia fundi.

"Baba, kopo la kijani usilifunge kwanza. Huyu naye bado hajakolea."